Ukurasa wake mwenyewe, jamvi la wenzake: kisa cha mwalimu mstaafu na watoto wenye vipawa Mombasa

Kisa hiki ni cha shule moja ya msingi ya kibinafsi kisiwani Mombasa, jirani na Mji wa Kale. Wahusika wake wakuu ni wawili: mwalimu wa kike aliyestaafu utumishi wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, baada ya kufundisha madarasa ya juu kwa zaidi ya miaka 30, na mvulana wa miaka 6 aliyekuwa Gredi ya 1. Mimi nilihusika kama mshauri wa walimu wa madarasa ya chini. Mwalimu mkuu aliniomba nikae darasani nitazame, kisha tukutane tuamue. Mwalimu na mama wa mtoto wameniruhusu kuandika, mradi nisitaje jina la mtu wala la shule.

Nakiandika kwa sababu swali lake huwakuta walimu wengi wa chekechea na madarasa ya chini, na mara nyingi hujibiwa mbio mbio: mtoto akiwapita wenzake kwa akili, afanyiwe nini? Jibu la mbio ni kumpa kazi za darasa la mbele, au kumrusha darasa zima. Mwalimu huyu naye alianzia hapo. Alikoishia ni kwingine, na njia aliyopita ina mambo ambayo sijayasikia yakizungumzwa vya kutosha katika semina zetu.

Jinsi kikundi kilivyoundwa

Shuleni hapo kulikuwa na watoto kadhaa wa PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) na Gredi ya 1 ambao walimu wao walilalamika kwamba wanamaliza kazi wenzao wakiwa bado wanafungua madaftari, kisha wanaanza fujo. Mwalimu mkuu akaunda kikundi kidogo, kikutane mara chache kwa juma baada ya mapumziko ya asubuhi. Watoto walichaguliwa kwa mambo mawili: majaribio mafupi ya kusoma na hesabu yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na maoni ya walimu wao wa darasa. Walimu vijana vipindi vyao vilikuwa vimejaa, ndipo akaitwa mstaafu huyu, aliyesomea ualimu Shanzu na ambaye mtaani anajulikana kwa kuwapitisha watahiniwa wa KCPE, uliokuwa mtihani wa taifa wa darasa la nane.

Kwa sheria ya Kenya watoto hawa si jambo la anasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawataja wanafunzi wenye vipawa na talanta za kipekee katika orodha ile ile ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, pamoja na wasioona, wasiosikia na wengineo. Lakini katika utendaji orodha hiyo husomwa nusu. Mtaala wa umilisi nao, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 kuanzia PP1 hadi Gredi ya 3, humpima mtoto kwa viwango vinne: chini ya matarajio, kukaribia matarajio, kufikia matarajio na kuzidi matarajio. Kiwango cha nne ndicho kinachonisumbua. Mtoto akiwa chini, kila mwalimu anajua kwamba ana kazi mbele yake. Akizidi, mwalimu hutia alama na kufunga kitabu, kana kwamba mtoto huyo amekwisha kufundishwa.

Majuma ya kwanza

Mwalimu alikuja na silaha alizozijua: karatasi za hesabu za Gredi ya 3 na ya 4, majedwali ya kuzidisha, na maswali ya haraka ya kujibiwa kwa mkono ulioinuliwa. Baadhi ya watoto walifurahi. Mvulana wetu alikuwa akitamka jibu kabla swali halijamalizwa kusomwa, ila hakuandika hata moja. Siku moja alilazimishwa. Akaandika tarakimu tatu, akaifuta ya pili mpaka karatasi ikatoboka, akaichana yote, akaingia chini ya meza. Hilo halikuwa jipya. Ripoti za mwalimu wake wa darasa zilikuwa zimekwisha kumweleza kuwa mvivu, mkaidi, asiyemaliza kazi.

Hapa ndipo umri wa mwalimu ulipofaa kwa mara ya kwanza. Wengine tuliokuwapo tuliona utundu. Yeye aliinama, akamtazama mtoto usoni, akawaambia wengine waendelee. Baadaye aliniambia, "Yule hakaidi. Anaogopa. Nimewaona watahiniwa wa miaka 14 wakiishika kalamu vile asubuhi ya mtihani." Mtu aliyesimamia mitihani miaka mingi hupata jicho la kuitambua hofu hata inapokuja katika sura ya ukorofi, na jicho hilo halifundishwi katika kozi ya juma moja.

Akaacha kumpa karatasi. Akamwambia, "Haya baba, sema wewe, mimi niandike." Kwa mdomo mtoto alitoa sentensi ndefu zenye "kwa sababu" na "isipokuwa kama", na mwalimu akaziandika zote kama zilivyotoka. Kisha akaanza kumtazama katika mambo mengine: anavyofunga vifungo vya shati, anavyokata kwa mkasi, anavyochora duara. Mikono yake ilikuwa nyuma hata ya wenzake wa miaka 6. Kichwa kilikuwa kimefika mwisho wa mstari, kidole kikiwa bado kinahangaika na herufi ya kwanza, na mtoto aliona wazi kwamba kilichoandikwa karatasini hakifanani na alichokifikiri. Hasira ile ilikuwa na sababu.

Mwaka 1991 kikundi cha wazazi na wataalamu waliokutana mjini Columbus, Ohio, walipendekeza kipawa kielezwe hivyo hivyo: ni kukua kusikolingana, akili ikitangulia na mambo mengine yakifuata kwa mwendo wake. Nilipomweleza mwalimu hakushangaa, ila alilifanya jambo hilo kuwa chombo cha kazi. Kila mtoto alipolia, alipobisha au alipouliza, alijiuliza kwanza kimoyomoyo: anayezungumza nami sasa hivi ana miaka mingapi? Wa miaka 10 hujibiwa kwa hoja. Wa miaka 5 husaidiwa kushika kalamu. Na wa miaka 6, aghalabu, hukalishwa karibu tu mpaka atulie. Katika yote aliyojifunza mwalimu, hili ndilo ninalolirudia kwa walimu wengine, kwa sababu halihitaji fedha wala chumba cha ziada.

Kulikuwa na jambo la sifa pia. Nyumbani na mtaani mtoto huyu alikuwa akiambiwa, kwa mapenzi matupu, kwamba ana kichwa, mashaallah, hakuna asilolijua. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa watoto wa shule Marekani: waliosifiwa kwa akili zao, tofauti na waliosifiwa kwa bidii, walipendelea kazi rahisi ambazo hawangekosea, na walipokutana na kazi ngumu walivunjika moyo upesi na matokeo yao yakashuka. Mvulana wetu alikuwa amefika huko akiwa Gredi ya 1. Kosa moja karatasini lilikuwa ushahidi kwamba watu walimsifu bure. Mwalimu alibadili lugha yake mwenyewe kwanza, akaanza kutaja kile mtoto alichokifanya: "umeangalia mara mbili", "umemngoja mwenzako amalize". Kisha akaondoa vifutio darasani. Aliyekosea anapiga mstari mmoja juu ya kosa na kuendelea, na mwalimu naye ubaoni hufanya vivyo hivyo. Mama aliombwa asaidie nyumbani. Alisaidia, ingawa shangazi na majirani ni vigumu kuwafundisha upya.

Maji ya saa kumi

Babu yake mtoto amefanya kazi ya bahari maisha yake yote, kwa hiyo maneno bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) mtoto aliyazoea kabla hajajua kusoma. Siku moja, katikati ya somo la jambo jingine kabisa, aliuliza: "Mwalimu, babu anasema mwezi ndio unaovuta maji. Mwezi unapita juu mara moja kwa siku. Mbona maji yanajaa mara mbili?"

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na watu wazima wengi wa pwani tumeishi nalo bila kuliuliza. Mwalimu alinieleza kwamba neno lililomfika mdomoni ni lile alilolitumia miaka yote: tutafika huko ukiwa darasa la juu. Halikuwa neno baya. Mwenye watoto 50 mbele yake na mtihani wa taifa mwisho wa mwaka hulazimika kuchagua maswali. Lakini safari hii hakukuwa na mtihani, na mtoto alikuwa akingoja. Akasema, "Sijui, baba. Lakini tunaweza kuyafuata maji tuone yanakwendaje." Akachukua chaki, akaandika swali lile juu kabisa ya ubao, na kando yake: SIJUI.

Akatafuta jedwali la maji la Kilindini, lile linalotolewa na Halmashauri ya Bandari, akaleta na vifuniko vya soda. Kila kifuniko kilikuwa dakika 10. Watoto walipanga sakafuni, siku baada ya siku, ni kwa vifuniko vingapi maji yamechelewa kujaa kuliko jana. Kwa kawaida vilitokea kama vitano, yaani dakika 50, na kwa watoto wengi hilo lilitosha kuwa ugunduzi mkubwa. Mvulana wetu hakutosheka. Aliona siku nyingine ni vinne na siku nyingine ni saba, akakasirika, akasema jedwali limekosea.

Mwalimu hakumsahihisha. Aliwaacha wabishane, wengine wakidai vifuniko vimehesabiwa vibaya, wakahesabu upya. Kisha mtoto mmoja akaona kwamba siku za vinne zote ni karibu na bamvua, na za saba zote ni za maji mafu. Ndivyo yalivyo: maji hayachelewi kwa kipimo kimoja mwezi mzima. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, uchelewaji hupungua. Wakati wa maji mafu huongezeka. Babu akaalikwa darasani, akaketi kwenye kiti kidogo cha watoto, akawaambia jambo ambalo kila mvuvi wa hapa analijua, kwamba bamvua ya Mombasa hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Basi mtoto akaanza kuhesabu mwenyewe kwa tarehe za mwezi mwandamo. Ukimwambia leo mwezi nane, anatulia kidogo, kisha anakuambia maji yatajaa karibu na saa nne.

Na jibu la swali lake? Mwalimu alikwenda kuuliza kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, akarudi akiwa ameelewa, akawasimamisha watoto watatu mstari mmoja uwanjani. Wa mbele ni maji yaliyo upande wa mwezi, wa kati ni dunia, wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Mwezi huvuta kilicho karibu kwa nguvu zaidi na kilicho mbali kwa nguvu kidogo. Wa mbele akatembea upesi, wa kati wastani, wa nyuma polepole, na pengo likafunguka pande zote mbili za yule wa kati. Mapengo mawili ndiyo mawimbi mawili ya maji, na dunia ikijizungusha tunayapitia yote mawili. Mvulana alitazama, akataka warudie, kisha akauliza kama jua nalo halina maji yake. Lina: nguvu yake ya kuinua maji haifiki nusu ya ile ya mwezi, na yanapovuta pamoja, kama mwezi unapoandama, ndipo bamvua inapokuwa kubwa. Mwalimu ilibidi aende kuuliza tena.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu ndani yake ndimo mwalimu alimobadilika zaidi. Aliniambia, "Zamani nikiingia darasani najua somo litaishia wapi. Hawa wanataka niingie bila kujua, tena nisiogope." Ninavyoona mimi, mtoto mwenye kipawa haumii kwa mwalimu asiyejua. Anaumia kwa mwalimu anayejificha, kwa sababu mtoto wa namna hii humgundua upesi sana, na akishamgundua hujifunza kwake jinsi ya kujificha. Neno SIJUI lilikaa ubaoni mpaka likafutwa na mwalimu mwenyewe mbele ya watoto wote. Katika siku hizo hizo mvulana aliandika kwa hiari yake kwa mara ya kwanza: idadi ya vifuniko, kwa chaki, sakafuni, kwa tarakimu kubwa zilizomtaka atumie mkono wote wala si vidole pekee. Mwalimu hakupiga makofi. Alisoma tarakimu zile kwa sauti, akazinakili kwenye daftari la kikundi, somo likaendelea. Kutoka sakafuni wakahamia kwenye kibao, na kutoka kwenye kibao, taratibu, kwenye karatasi yenye mistari mipana.

Hofu ya feri

Katikati ya muhula mama alikuja shuleni akiwa na uso wa kukosa usingizi. Mtoto alikuwa amekataa kupanda feri ya Likoni kwenda kwa shangazi yake, na usiku alikuwa akiamka akilia. Alikuwa amewasikia wakubwa wakizungumza juu ya feri ya Mtongwe iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994, karibu kabisa na nchi kavu, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, watu 272 wakafa. Siku waliyovuka naye mara ya mwisho alikuwa amejaribu kuwahesabu abiria.

Mama alikuwa amefanya kile ambacho mzazi yeyote wa mtoto mwerevu angefanya: alimpa hoja. Alimweleza kwamba feri za siku hizi ni nyingine, na kwamba maelfu huvuka kila siku salama. Kila hoja ilizaa swali jipya. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, anauliza kama mtu mzima, lakini anayelia ni mtoto wa miaka sita. Usimpe hesabu. Mpakate. Mkivuka, mbebe, hata kama ni mzito." Mama alifanya hivyo. Maswali hayakukoma, ila usingizi ulirudi.

Kwa mwalimu mchanga hili ni gumu kulipata peke yake. Mtoto anapozungumza kwa ufasaha namna ile, sote husahau umri wake. Tunampa maarifa yote anayoyataka, bila kujali kama kifua chake kinaweza kuyabeba. Mwalimu huyu ana wajukuu. Hakusahau.

Msichana ambaye hakuchaguliwa

Kikundi kilipoundwa, msichana mmoja wa Gredi ya 1 hakuwamo. Jaribio la Kiingereza lilimshinda, kwa kuwa nyumbani kwao hakuna anayezungumza Kiingereza, na mwalimu wake wa darasa hakumtaja kwa sababu hasemi. Mstaafu alimwona wakati wa mapumziko, akicheza mdako na watoto wadogo kuliko yeye. Alikuwa akibadilisha masharti kwa kila mchezaji, huyu aokote kijiwe kimoja kimoja, yule viwili viwili, ili mchezo umalizike karibu sawa. Hakuna aliyemfundisha. Mwalimu alimwomba mwalimu mkuu amwongeze, wala hakukubali aanze kwa kupimwa.

Nilimuunga mkono, na historia ya elimu ya vipawa inamuunga mkono pia. Lewis Terman alipoanza utafiti wake California mwaka 1921, akikusanya zaidi ya watoto 1,500 wenye alama za juu za IQ, yaani kipimo cha akili, wavulana wawili walipimwa wakaachwa nje: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia baadaye, 1956 na 1968. Karibu nasi zaidi, Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wao wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Watoto waliozijua vizuri dawa za miti shamba za kwao, maarifa yanayohitaji kumbukumbu na uamuzi mwema, walielekea kupata alama za chini katika jaribio la msamiati wa Kiingereza. Jaribio lile lingetumika kuwachagua, wangeachwa. Kwa watoto wadogo wa Mombasa, wengi wakiota kwa Kiswahili, kuwachuja kwa Kiingereza ni kupima lugha ya nyumbani kwao na kudhani tumepima akili.

Kikao cha kumrusha darasa

Mwisho wa muhula wa pili mwalimu wa darasa alipendekeza mvulana arushwe hadi Gredi ya 3. Mwalimu mkuu aliafiki, na akataka pia mtoto aonyeshwe siku ya wazazi, ahesabu maji mbele ya wageni. Mama alikataa yote mawili. La kwanza kwa kuogopa wavulana wakubwa. La pili kwa kuogopa kijicho, na hilo alilisema waziwazi: "Mwalimu, nakuomba, usimweke mwanangu mbele ya macho ya watu."

Wako walimu wangeliona hilo kuwa ushirikina wa kuondolewa kwa maelezo. Mstaafu alisema mama ana haki, na kikao kikamsikiliza. Vyovyote mtu anavyoamini kuhusu kijicho, desturi ya kutomtangaza mtoto imewakinga watoto wengi wa mji huu wasigeuzwe maonyesho. Kwa mtoto ambaye tayari alikuwa akichana karatasi kwa kuogopa kukosea, jukwaa lingekuwa adhabu.

Juu ya kurusha darasa, utafiti una neno. Leta Hollingworth, aliyefanya kazi New York hadi alipofariki mwaka 1939, aliandika kwamba mtoto mwenye IQ ya 140 hupoteza nusu ya muda wake katika darasa la kawaida, na mwenye zaidi ya 170 hupoteza karibu wote. Miraca Gross alifuatilia Waaustralia 60 wenye uwezo wa juu sana tangu utotoni, na waliorushwa madarasa waliendelea vizuri kimasomo na kijamii kuliko wengi wa waliozuiliwa. Mimi nililieleza hilo kikaoni, na bado naamini kwamba kwa baadhi ya watoto kurushwa ndiyo haki yao. Hofu ya kwamba kila anayerushwa ataharibika haina msingi.

Mstaafu alisikiliza, kisha akazungumzia chuo alichosomea Kurani utotoni, humu humu kisiwani. "Tulikaa jamvi moja. Wa miaka sita yuko Tabaraka, wa miaka tisa bado yuko Amma. Maalim anakuita, unasoma pale ulipofika, unarudi kukaa na wenzako. Hakuna aliyerushwa, na hakuna aliyengojeshwa." (Amma ndiyo sehemu ya Kurani ya kuanzia, Tabaraka huifuata.) Akaendelea: "Huyu mtoto kila alasiri yuko chuoni, na huko haingii chini ya meza. Mmekwenda kumuuliza maalim wake kwa nini?"

Kikao kilinyamaza, kisha tukaanza kupanga. Kwangu hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote katika kisa hiki. Tumezoea kudhani kwamba mtoto mwerevu lazima achaguliwe kati ya mambo mawili, abaki na wenzake akingoja au asonge mbele akiwapoteza. Vyuo vyetu vimewafundisha watoto vizazi kwa vizazi bila uchaguzi huo, kwa sababu ukurasa ni wa kila mtoto na jamvi ni la wote. Chuo kina mipaka yake, na mwalimu mwenyewe aliitaja: kazi kubwa ni kuhifadhi, na maswali kama lile la maji hayapewi nafasi. Hakupendekeza tunakili kila kitu. Alipendekeza mpangilio.

Ikaamuliwa abaki Gredi ya 1. Saa ya hesabu aende Gredi ya 3 na kujibu kwa mdomo. Kuandika asome kwa hatua ya mkono wake, na mama ampeleke kwenye kituo cha tathmini ya elimu ili ugumu wa mkono uchunguzwe na wenye ujuzi. Jambo hili la mwisho nalisisitiza kwa wasomaji walimu: kipawa huweza kuficha ugumu wa kujifunza, na ugumu ukaficha kipawa, mtoto akaonekana wa wastani tu, mvivu kidogo. Kisha mstaafu akaomba kitu ambacho hakikuwa kwenye ajenda, kwamba kila mtoto wa Gredi ya 1, awe katika kikundi au la, awe na kadi inayoonyesha alipofika katika kusoma na hesabu, na mwalimu wa darasa amwite mmoja mmoja walau mara moja kwa juma. Mwalimu wa darasa aliogopa muda hautatosha. Walianza na hesabu peke yake.

Hali ilivyo sasa

Matokeo si ya kupigiwa ngoma, na nisingependa yasomwe hivyo. Mvulana anaandika mistari michache kwa siku, kwa taabu. Chini ya meza bado huenda, mara chache. Gredi ya 3 walimpachika jina la profesa, likamwuma, mpaka mwalimu wa hesabu alipoanza kuwapa kazi za wawili wawili na mmoja wa wavulana wakubwa akaona faida ya kukaa naye. Kadi za hesabu zimemsaidia mwalimu wa darasa kuwaona watoto watatu waliokuwa wamekwama kwenye kutoa bila yeye kujua, na hilo ndilo lililomfanya akubali kuongeza kusoma. Msichana wa mdako ameanza kusema kikundini, kwa Kiswahili, na sasa ndiye anayegawa vifuniko.

Mstaafu amesema mwaka ujao utakuwa wake wa mwisho. Lililobaki ni ratiba. Mvulana atakapokuwa Gredi ya 2, hesabu zake zitakuwa za Gredi ya 4, na huko kila somo lina mwalimu wake na vipindi havihamishiki kirahisi. Mwalimu mkuu ameviweka vipindi vya hesabu vya madarasa hayo mawili katika saa moja, na mwalimu wa Gredi ya 4 amekubali kukaa na mstaafu katika kikundi muhula wote wa kwanza, akianza na swali ambalo watoto wameliacha ubaoni, la maji ya jua.